Vishungi vya Kisauni

Siku mliyoniaga kazini mliniomba niwaandikie yale mambo ya kazi yasiyomo kwenye vitabu vya fomula. Nimekaa mwezi mzima nikiahirisha. Ya kusema ninayo mengi, lakini lipo moja ambalo kila nikishika kalamu linataka kutangulia, nami nalirudisha nyuma. Basi nitakwenda kwa mpango, kama Bwana Athman alivyotufundisha kuandika daftari la maabara: kilichopimwa, kilichofanywa, kilichoonekana, na maoni yaje mwisho kabisa, kwa yule mwenye maoni.

Niliingia kiwanda kile cha Changamwe mapema miaka ya themanini, nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto. Miaka kumi nilikuwa nimeimaliza kwenye kiwanda cha sabuni, nikipima mafuta na kostiki soda, yale magamba meupe yanayogeuza mafuta kuwa sabuni, na yanayoweza kukugeuza kidole vilevile ukizubaa. Nilijiona naijua kostiki. Siku ya kwanza Bwana Athman, mkuu wa maabara, alinipa kopo la krimu nyeupe, laini, yenye harufu ya waridi, akaniuliza kuna nini ndani. Nikanusa, nikachota kidogo kwa kijiti, nikamwambia hii ni krimu ya uso. Hakucheka. Alichukua kipande cha karatasi ya kupimia, akakigusisha kwenye ile krimu, kikageuka rangi ya wino.

"Ni kostiki, Bi Rukia," alisema. "Ile ile uijuayo. Imevishwa nguo tu."

Nilirudi nyumbani Kisauni siku hiyo nimejawa na wasiwasi. Kwenye sabuni, kostiki ikizidi, mtu huwashwa mikono, akalalamika dukani, yakaisha. Hii ilikuwa inakwenda kichwani mwa mtu, karibu na macho, na mtu mwenyewe amekaa kwenye kiti ametulia, anasoma gazeti. Wasiwasi ule sikuwahi kuupoteza. Kuna wenzangu walioniona mwoga. Walikuwa na haki.

Kwa wale walioingia juzi, nawaeleza kwa ufupi kama nilivyoelezwa mimi. Unywele umeumbwa kwa kitu kile kile kilichoumba kucha na pembe ya ng'ombe. Ndani yake kuna nyuzi nyingi, na nyuzi hizo zimeshikanishwa kwa vifungo vya salfa, ndiyo maana unywele ukiungua unanuka vile. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoushika unywele katika umbo lake, uwe wa kipilipili au wa singa. Dawa ya kunyoosha inaingia na kuvikata baadhi. Ukichana wakati huo unywele unanyooka, kisha unaosha dawa itoke, unatia shampuu ya kuua kostiki iliyobaki, na unywele unakubali umbo jipya. Kazi yote iko kwenye neno "baadhi". Vifungo vikikatwa vichache, mteja anarudi kesho kulalamika. Vikikatwa vingi, unywele unalainika mpaka unavutika kama utumbo wa kuku, kisha unakatika. Kati ya hali hizo mbili kuna dakika nne au tano tu.

Bwana Athman alikuwa mtu wa ukoo wa zamani wa Mombasa, mpole, kanzu siku ya Ijumaa na koti jeupe siku nyingine, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa amesoma kemia zaidi yetu sote pale lakini vyombo alivyopewa vilikuwa vya kutia huruma. Tulikuwa na mizani moja nzuri aliyoifunika kwa kitambaa kama mtu anavyofunika msahafu. Tulikuwa na bureti, ule mrija mrefu wa kioo unaodondosha asidi tone kwa tone kwenye sampuli mpaka rangi ya pinki itoweke, hapo ndipo unasoma kostiki ni kiasi gani. Mashine ya kuvuta nywele hatukuwa nayo. Bwana Athman alinunua chubwi za wavuvi, zile risasi za kuzamishia mshipi, akazipima moja moja na kuziandika uzito kwa rangi nyekundu. Tulining'iniza kishungi cha nywele kwenye kibanio, tukatundika chubwi moja baada ya nyingine, tukaangalia kinarefuka kiasi gani na kinakatikia wapi. Mgeni mmoja kutoka makao makuu alituuliza kama maabara yetu inauza na samaki.

Miaka ile ya mwanzo ilikuwa miaka ya kalikiti. Kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, alitaka mawimbi ya kudondosha maji na mafuta. Sisi tulifurahi kwa sababu dawa ya mawimbi ilikuwa ya aina nyingine, yenye harufu ya mayai yaliyooza, lakini haikuchoma upesi. Hasara yake ilikuwa kwenye viti vya sebuleni na foronya. Nyumba nyingi nilizoingia zilikuwa na doa la mafuta ukutani, kimo cha kichwa cha mwenye nyumba. Mitindo ikabadilika, wanawake wakataka nywele zilale, na kufikia mwanzo wa miaka ya tisini tulikuwa tunatengeneza dawa ya kunyoosha karibu kila wiki.

Sasa nifike kwenye nywele zenyewe, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa kwa heshima zote.

Ili kujaribu dawa ulihitaji nywele ambazo hazijawahi kutiwa dawa yoyote. Nywele hizo haziuzwi dukani. Na kwetu, kama mjuavyo, mtu hatupi nywele zake ovyo. Zinazotoka kwenye kitana zinakunjwa, zinafichwa au kufukiwa, asije mtu mwenye nia mbaya akazichukua kwenda kuzifanyia kazi. Nilipowaomba wanawake wa kiwandani, mmoja aliniambia wazi, "Bi Rukia, mimi nakuheshimu, lakini nywele zangu nitazikwa nazo." Wasusi nao walikuwa na nywele tele sakafuni, ila Bwana Athman alizikataa kwa sababu hakuna aliyejua zimepitia nini.

Walionikubalia ni watu wangu tu. Mamangu mdogo, Bi Mwanaisha, niliyekaa naye Kisauni, alinianzia. Akawaeleza mashoga zake na wakwe zake kwamba Rukia ni mtoto wa nyumbani, hawezi kufanya ubaya, na kila kinachobaki anakirudisha kifukiwe. Nilirudisha kweli, kwenye bahasha zenye majina. Miaka tisa vishungi vyote vya maabara ile vilitoka kwenye nyumba kama sita za Kisauni, nami nilijivunia. Bwana Athman aliviita hazina.

Jambo la pili mnalohitaji kulijua ni kata ya Kazungu. Kazungu alikuwa mkuu wa chumba cha kuchanganyia, Mgiriama mrefu, makini, mikono imejaa makovu madogo meupe. Kostiki inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa mwaijua. Pipa likikaa wazi siku mbili, magamba yanatoka jasho, yanagandamana, na kilo moja unayopima inakuwa nusu kostiki na nusu maji. Fomula yetu iliandikwa mahali penye baridi na ukavu, na mwandishi wake hakuwahi kuwazia Changamwe mwezi wa nne. Kwa hiyo Kazungu alipima kama karatasi ilivyosema, kisha akaongeza kata moja, kata ya kifuu ya kweli yenye mpini, aliyoiita ya jasho. Haikuandikwa popote. Sisi tuliijua, tukainyamazia, kwa sababu mara nyingi bureti ilionyesha kwamba hesabu ya Kazungu ndiyo iliyokuwa sahihi, ya karatasi ilikuwa pungufu.

Ilikuwa Alhamisi, Bwana Athman akiwa amebakisha miezi michache kustaafu. Aliniachia maabara kwa siku mbili kwa sababu alikuwa na mgonjwa hospitali. Bechi mpya ya dawa ya kunyoosha ilikuwa tayari. Nikapima kwa bureti. Kikomo chetu kilikuwa asilimia mbili na robo ya kostiki. Mimi nikapata mbili na nusu na kidogo. Nikaosha vyombo, nikarudia. Ile ile. Nikarudia mara ya tatu, nikapata pungufu kidogo, nami nikaipenda hiyo ya tatu.

Nikaenda kumuuliza Kazungu kama amebadilisha chochote.

"Hapana, dada. Vile vile vya siku zote. Na kata yangu."

Nikarudi, nikachukua vishungi vitatu, nikapaka dawa, nikaweka saa ya jikoni dakika kumi na tano, nikaosha, nikatundika chubwi. Vikanyooka vizuri, vikabeba uzito wote bila kulalamika. Bwana Athman alikuwa na kanuni yake: bureti na nywele zikigombana, uzisikize nywele, kwa sababu ndizo zitakazoishi na dawa. Nikaishika kanuni ile kwa mikono miwili. Nje pikapu ilikuwa inangoja makopo sita ya kupeleka kwa Mama Njeri, msusi wa Kongowea, aliyekuwa akitujaribia kila bechi kabla haijatoka ghalani. Nikatia sahihi.

Jioni ile nyumbani sikuweza kula. Nilijiambia ni joto. Bi Mwanaisha alikuwa amekaa kwenye mkeka anachana nywele zake, kichupa cha mafuta ya nazi ubavuni, kama alivyofanya kila jioni tangu nipate akili. Alikusanya zilizotoka kwenye kitana, akazikunja kwenye karatasi.

"Rukia mwanangu, n'mekuwekea. Safari hii ni nyingi, uzee huo."

Nikazipokea, nikamshukuru, nikazitia mkobani. Sikuona kitu. Nawaambia hivi kwa sababu watu hudhani jambo likiwa mbele ya macho yako utaliona.

Nililiona asubuhi. Nilikuwa naosha zile nywele kwenye beseni ili nizifunge vishungi, kama nilivyofanya mara mia. Maji yalidondoka juu yake na kuteremka bila kuzilowesha. Nikatia sabuni, nikasuuza, bado maji yanakataa. Nikakiinua kishungi kile puani, nikanusa.

Mafuta ya nazi. Nyumba zote sita. Wanawake wale walikuwa wamepakwa nazi tangu utotoni, kila siku ya Mungu, mpaka mafuta yameingia ndani ya unywele na kukaa. Dawa yetu ilikuwa inagonga mlango uliofungwa, nami nilikuwa naandika daftarini kwamba dawa ni pole. Na kwa miaka tisa kosa hilo halikuonekana kwa sababu kostiki yenyewe haikuwahi kuzidi.

Nikachukua kishungi kingine, nikakiloweka kwenye spiriti, nikakiosha kwa shampuu mara tatu mpaka kikalowa kama nywele za mtu yeyote. Nikakipaka ile dawa ya jana. Kwenye dakika ya kumi nilikigusa kwa kitana tu, na nusu yake ikabaki kwenye meno ya kitana, imelainika, haina nguvu.

Nikakimbia chumba cha kuchanganyia. "Kazungu, juzi ulitumia pipa gani?"

"Jipya. Tulilifungua asubuhi hiyo."

"Lilikuwa kavu?"

Niliona anavyoikumbuka ile kata. "Kavu kabisa, dada," alisema polepole. "Kama chumvi ya dukani."

Mama Njeri hakuwa na simu. Dereva wa pikapu alikuwa ameshakwenda kuswali Ijumaa. Nikatoka mpaka msikiti ulio nyuma ya viwanda, nikasimama ng'ambo ya barabara chini ya ukuta, naangalia viatu vimejaa mlangoni. Kumtoa mtu kwenye swala siwezi, na mimi mwenyewe adhuhuri ile nilikuwa sijaswali. Khutba ilikuwa ndefu. Nilihesabu makopo sita, vichwa sita, kisha nikakumbuka kopo moja linatosha vichwa viwili. Nilijaribu kujituliza kwamba Mama Njeri hufungua bechi mpya Jumamosi. Kisha nikakumbuka kuwa mwisho wa mwezi huanza Ijumaa, watu wakishalipwa.

Dereva alipotoka hakuuliza maswali, uso wangu ulimtosha. Tulivuka Makupa, tukapenya kisiwani, tukakwama kidogo kabla ya daraja la Nyali, tukafika Kongowea kwenye malori ya viazi na mikokoteni iliyoziba njia. Nikashuka, nikaenda mbio kwa miguu, buibui nimelikunja mkononi, mwanamke wa miaka karibu hamsini. Wapagazi walinipisha wakidhani nafukuza mwizi.

Saluni ya Mama Njeri ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti na kitana mkononi. Kwenye kiti alikaa msichana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, kichwa chote kimepakwa dawa nyeupe, ametabasamu kidogo kwenye kioo.

"Ametiwa dakika ngapi?" niliuliza. Sikusalimu.

"Ah, Rukia. Karibu kwanza." Mama Njeri alitazama saa ya ukutani. "Kumi na moja. Bado nne. Lakini anasema inawasha hapa nyuma."

"Mtoe. Mtoe sasa hivi, maji."

Mama Njeri alifungua bomba la beseni na bomba likakohoa. "Maji imeisha tangu jana. Niko na mtungi moja tu."

Mtungi ule ulikuwa wa lita ishirini, nusu. Nikamlaza yule msichana kwenye beseni na kuanza kumwaga kwa kikombe, nikianzia kisogoni kwenye muwasho. Mama Njeri alichukua chupa ya siki. "Si hii inaua dawa?" Nikamwambia hapana, na hili nawaandikia nyote mliokaa meza ile ya maabara: kostiki ikiwa juu ya ngozi usiikimbilie kwa siki wala ndimu, zikikutana zinatoa moto, na moto juu ya kidonda unajua mwenyewe. Ni maji, maji tu, mengi, na kwa muda mrefu. Na maji mengi ndiyo hatukuwa nayo.

Dereva alikuwa amenifuata. Nikamwambia atafute mkokoteni wa maji. Alikwenda. Mtungi ulikwisha kabla hajarudi, na kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima, nilikaa nimeshika kichwa cha mtu kwenye beseni kavu, nikifuta kwa taulo mbichi, nikisikia anavyopumua kupitia meno. Hakulia. Aliniuliza jina langu, nami nikamwambia. Yeye akasema anaitwa Truphena, anafundisha shule ya msingi, anakaa Kiembeni, na kesho anasafiri kwenda kwao, arusi yake ni wiki ijayo.

Mkokoteni ulifika na mitungi minane. Tulimwaga yote. Nilikuwa naosha kisogo kwa vidole na maji yakiteremka, ndipo nywele zikaanza kuja na vidole vyangu. Hazikuja zote. Sehemu kubwa ya kichwa ilisalimika kwa sababu Mama Njeri, Mungu ambariki, huanza kupaka nyuma na kumalizia mbele, na mbele palikuwa hapajakaa na dawa muda mrefu. Lakini juu ya shingo, pale alipoanzia, pakabaki wazi, na ngozi yake ilikuwa imegeuka ya kung'aa na nyeupe kidogo katikati. Nilikuwa nimeona ngozi ya namna hiyo mara moja, kwenye mkono wa mtu wa sabuni. Nilijua maana yake. Kostiki ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mizizi.

Truphena alikaa. Akapeleka mkono nyuma, akapapasa, akanitazama kwenye kioo.

"Ni wewe uliyeitengeneza?"

"Mimi ndiye niliyeipitisha. Nilitia sahihi."

Alitikisa kichwa polepole kama anayesahihisha hesabu ya mwanafunzi. Kisha akauliza, "Zitaota?"

"Zitaota," nikasema. "Zitaota, inshallah."

Tulimpeleka kwa daktari, akafungwa dawa. Makopo matano yaliyobaki nikarudi nayo mapajani. Bwana Athman alikuja Jumamosi, nikamweleza kila kitu nimesimama. Akachukua sanduku la vishungi, akavitazama kimoja kimoja, akasema, "Mimi ndiye n'liyesema usikize nywele. Wala sikuuliza zatoka kwa nani." Macho yake yalikuwa mekundu. Bechi yote tukaiharibu. Kata ya Kazungu tukaitundika ukutani, na toka siku ile kila pipa lilipimwa kwa bureti kabla halijaguswa, na kila kishungi kiliogeshwa kwa spiriti. Hayo ndiyo mnayofanya leo mkilalamika kwamba ni kazi bure.

Meneja alitaka ripoti iseme saluni iliiacha dawa kichwani kupita muda. Aliniambia kwa upole kwamba kampuni zote husema hivyo na wasusi wamezoea. Niliogopa, nilikuwa na watoto wawili shuleni na sikuwa na mume. Nikaandika dakika kumi na moja, na kwamba karatasi ya maelezo inaruhusu kumi na tano. Nikaandika vipimo vyangu vya bureti, vyote vitatu. Aliisoma, akaitia kwenye faili, hakunisemesha kwa wiki kadhaa. Kampuni ikamlipia Truphena matibabu. Wenzangu waliposikia habari ya ripoti waliniona jasiri, na sifa hiyo nimeivaa mpaka siku ya kuagwa, mkaisoma tena mbele ya watu.

Ndiyo maana nimeandika. Maana nyinyi mwalijua lile la ripoti tu.

Niliishi na lile jibu la saluni. Mikono yangu ilikuwa imepima maelfu ya sampuli, na siku niliyoulizwa swali moja na mwenye kichwa, nilitoa matokeo ya uongo na kuyafunika kwa jina la Mungu. Nilijiambia nilimwonea huruma. Nilijionea huruma mimi. Miezi minane ilipita. Mama Njeri aliniambia arusi ilifanyika, bibi arusi alijifunga kitambaa akapendeza, amerudi Kiembeni na mumewe. Akasema Truphena bado humuuliza yeye ni mafuta gani ya kupaka ziote haraka.

Nilikwenda kwake siku ya Jumapili. Alinifungulia mwenyewe, kitambaa kichwani, akanikaribisha ndani, akaniuliza hali ya watoto. Nilikuwa nimepanga maneno njiani na yote yakanitoka. Akaniona ninavyohangaika, akafungua kitambaa, akageuka na kuinamisha kichwa ili nione.

Nywele zilikuwa zimerudi nzuri, nyeusi, zimemzunguka kote. Juu ya shingo palikuwa na sehemu tupu, upana wa vidole vitatu, laini, haina hata tundu moja la unywele. Niliisogelea kwenye mwanga wa dirisha kama nilivyozoea kusogelea sampuli. Nikaigusa.

"Kila mwezi napaka kitu kipya," alisema akiwa ameinama. "Siku ile uliniambia inshallah. Leo niambie bila inshallah."

"Hapana, Truphena. Hapa hazitaota. Nilijua siku ile ile."

Hakuinuka mara moja. Niliona mabega yake yakishuka, na nikangoja anifukuze, nilikuwa tayari. Alijifunga kitambaa taratibu, akakaza fundo. Kisha akaenda kwenye kabati, akatoa vichupa vya mafuta vilivyopangwa mstari, saba au vinane, akavitia kwenye mfuko mmoja baada ya mwingine na kunipa.

"Nitolee hivi nyumbani kwangu," alisema.

Nikavichukua.